Usukani Uliokosa Dereva

4 Februari

Mdogo wangu Waya,

Huku tuko wazima, ila vidole vyangu havitaki tena kusikia neno sindano. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua siku moja kwamba mtoto wake amerefuka. Wiki hii nimeshona sketi arobaini na mbili, zote bluu, mpaka nikifumba macho naona bluu. Shangazi alikuja Jumapili, akakaa siku tatu, akasema nimekonda, akala vizuri, akaenda zake. Anauliza kama huko kambini kwenu mgodini kuna wasichana wa kuoa au ni mawe matupu. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Sasa lililonikalisha chini. Usukani wa Baba umekufa.

Wewe ndiye uliyemfungia, kwa hiyo sina haja ya kukuhadithia jinsi ulivyo. Lakini nataka ujue umekuwa nini ndani ya nyumba hii tangu uondoke. Kila siku saa kumi jioni Baba anataka shati lake la kazi, lile la udereva. Namfunga vifungo, namkalisha mbele ya kompyuta, anaweka mguu kwenye pedali na mikono yote miwili kwenye usukani, hata ule wa kushoto uliolala tangu apate kiharusi. Halafu anaendesha lori la ule mchezo wa kwenye skrini saa nzima. Anapeleka mbao, anapeleka mabomba, anarudi na saruji, kama vile kuna mtu anausubiri mzigo. Maneno aliyobaki nayo hayafiki ishirini, na nusu yake anayasema hapo. Daktari wa mazoezi aliniambia ule mpira wa kubinya tuutupe, kwa sababu usukani unaomvuta mkono unamfaa kuliko kitu chochote alichonacho yeye hospitali.

Ijumaa kompyuta ilijisasisha yenyewe. Ilipowaka tena kila kitu kilikuwepo, lori lipo, barabara ipo, ila usukani hauna hata taa. Nimechomoa waya, nimechomeka, nimepuliza vumbi, nimetukana. Hakuna kitu.

Niambie la kufanya. Na uniambie unakuja lini. Mara ya mwisho ulisema mwezi wa sita, hukusema wa mwaka gani.

Dada yako

*

1 Machi

Bibi Sindano, dada yangu,

Barua yako imefika jana na gari la mahitaji, ikiwa imebanwa kati ya gunia la viazi na boksi la betri za tochi. Mwambie Shangazi hapa ni mawe matupu, na hata hayo yana wenyewe.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile: ofisi ya kompyuta, kiyoyozi cha kugandisha, na watu wazima wanaosahau nywila kila Jumatatu. Simu bado tunaziacha getini na mtandao ni wa wakubwa tu, kwa hiyo tuendelee na karatasi.

Usukani haujafa. Kompyuta ndiyo iliyosahau namna ya kuongea nao. Kila kifaa unachochomeka kinahitaji programu ndogo ya kukiongoza, na sisi mafundi tunaiita dereva. Usicheke. Kampuni iliyotengeneza usukani ule haikuwahi kuandika dereva wa Linux, huu mfumo wa bure unaoendesha kompyuta yetu. Aliyeandika ni mtu mmoja tu, sijui anakaa wapi, alijitolea kwa sababu na yeye alikuwa na usukani kama huo. Na Linux niliiweka kwa sababu kompyuta yenyewe ni kuukuu, ule mfumo wa kununua ulishaikataa. Sasa sasisho limeleta kiini kipya cha mfumo, na dereva wetu wa kujitolea haelewani nacho.

Dawa ni rahisi. Washa kompyuta huku umebonyeza kitufe cha Shift. Itatokea orodha ya maandishi meupe. Ingia mstari wa pili, utaona viini zaidi ya kimoja. Chagua chenye namba ndogo, kile cha zamani. Huwa kinabaki. Nimejaribu hapa kwenye kompyuta yangu kabla ya kukuandikia, inakubali.

Mwambie Baba barabara imefungwa kwa matengenezo, itafunguliwa wiki hii hii.

Mdogo wako

*

19 Machi

Waya,

Nakusalimu, na Baba anakusalimu kwa kidole gumba. Cherehani imeharibika mkanda, nimeshona kwa mkono siku mbili, lakini hayo yamepita. Nimekipenda kichekesho chako. Nyumba hii ina dereva mmoja mgonjwa, kumbe na usukani nao unataka wa kwake.

Nimebonyeza Shift. Orodha imekuja. Mstari wa pili una viini viwili, na namba zao zinafanana isipokuwa ya mwisho kabisa. Nimejaribu vyote viwili, kila kimoja mara tatu. Usukani kimya.

Baba nilimwambia kama ulivyosema, kwamba barabara imefungwa. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayedai kitambaa kimepungua chenyewe.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Chache, Baba."

"Mvua?"

"Ndiyo, mvua."

Sasa kila asubuhi anajikokota hadi dirishani kuangalia mvua, na nje ni jua la kupasua kichwa. Saa kumi bado anataka shati. Anakaa, anauzungusha usukani huku na huku, lori limesimama tu pale pale ghalani na injini inanguruma. Baada ya robo saa ananionyesha kifungo cha juu, maana yake nimvue.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipojibu kuhusu kuja. Labda ilibaki kwenye gunia la viazi.

Dada

*

15 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Gari la mahitaji lilikwama, tulikula maharage siku tisa. Mimi ni mzima. Natumai mkanda wa cherehani umepatikana.

Viini viwili, na vyote vipya. Hilo limenikosesha raha. Mfumo ule haufuti kiini cha zamani kwa sasisho moja. Ili kipotee, lazima yawe yamepita mawili, pengine matatu. Una uhakika ilijisasisha yenyewe? Maana hiyo ya kujisasisha niliizima kabla sijaondoka. Sikulaumu, nauliza tu ili nijue naanzia wapi.

Basi imebaki njia ngumu. Tunamchukua yule dereva, tunamjenga upya kwa mkono ili aelewane na kiini kipya. Karatasi ya pili ina mistari kumi na moja. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, andika mstari mmoja mmoja kama ulivyo, bila kuongeza wala kupunguza nafasi. Sifuri nimezikata kwa mstari ili usizichanganye na herufi O. Ukikosea, usiendelee na mstari unaofuata. Rudia ule ule.

Nimejaribu zote hapa ofisini, zinafanya kazi.

Mwambie Baba mvua ni nyingi mwaka huu.

Waya

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Mkanda umepatikana, Shangazi magoti yamemzidi, na paka wa jirani amezaa ndani ya kapu langu la vitambaa. Ndiyo habari zote za nyumbani. Lile swali lako la sasisho tuliache kwanza.

Nimekaa na mistari yako kumi na moja siku nne. Ukikosea nafasi moja tu, lile dirisha linakutukana kwa Kiingereza. Mstari wa sita ulinikataa mara kumi na tisa, nikahesabu. Mwishowe nikaibeba kompyuta pamoja na usukani kwenye toroli mpaka kwa Mama Betri. Humjui, alifungua baada ya wewe kuondoka. Anatengeneza simu kwenye kibanda kinachopakana na duka la vifungo, mama wa makamo, mpole, anavaa miwani miwili kwa wakati mmoja.

Aliisoma karatasi yako taratibu. Akasema, "Huyu anaijua kazi. Lakini ni kazi ya juzi. Amri mbili hapa zilishabadilishwa. Mtu anayekaa mbele ya kompyuta kila siku asingeziandika hivi."

Nikamwambia mdogo wangu ndiye mkuu wa kompyuta wa mgodi mzima.

"Basi mbona hakuandikii barua pepe?"

Nikasema ni sheria za mgodi. Aliendelea kubandua kioo cha simu ya mtu.

Alitafuta pia ukurasa wa yule mwandishi wa dereva. Ujumbe wake wa mwisho ni wa miaka miwili iliyopita. Anasema usukani wake umevunjika, hana mwingine, hawezi kuendelea na kazi hii, anaomba radhi. Chini yake watu wamejipanga wakimwomba arudi, mmoja baada ya mwingine. Hajajibu hata mmoja.

Mama Betri alisahihisha ile mistari miwili, na taa ya kijani ikawaka. Usukani ukajizungusha wenyewe kulia, ukajizungusha kushoto, kama unavyofanya ukiamka. Nilipouonyesha nyumbani, Baba alijipiga paja kwa mkono wake mzima, paa, paa, paa. Lakini tulipoingia kwenye mchezo lori halikukata kona. Usukani uko hai, mchezo haujui kwamba umerudi.

Ukweli mwingine ni kwamba vidole vyake vitatu vya kushoto vimeanza kujikunja kuelekea kiganjani. Daktari wa mazoezi anavinyoosha kila Jumanne, vinarudi kabla ya Alhamisi. Aliuliza kama bado anaendesha. Fanya haraka.

Dada

*

2 Juni

Dada,

Nashukuru kwa habari za paka. Mimi niko salama.

Mwambie Mama Betri nimemshukuru, na simu za watu zinamsubiri. Kuna namna nyingi za kuandika amri moja, si lazima kila fundi aandike kama yeye.

Shida iliyobaki naijua. Mchezo umeng'ang'ania mipangilio ya zamani ya usukani. Unatakiwa kufuta folda nzima ya mipangilio, ili ukiwashwa uandike mipya. Amri ni moja tu, nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa maandishi makubwa. Ukishabonyeza hakuna kurudi nyuma, lakini usiogope, safari za Baba na malori yake ziko folda nyingine kabisa. Nimeangalia hapa kwangu. Huhitaji kubeba toroli kwenda kwa mtu. Fanya mwenyewe, fanya leo.

Kuhusu kuja, kazi zimebana.

Waya

*

21 Juni

Waya,

Leo sina salamu ndefu. Shangazi yuko hapa na magoti yake mabovu, amekuja kunisaidia na Baba. Hilo lenyewe likuambie.

Nilifanya Jumamosi. Asubuhi nilipita kwa Mama Betri, akaniuliza umesema nini, nikamwonyesha. Akasema, "Kabla hujafuta, iletee hapa nikutunzie nakala, ni dakika kumi." Nikamwambia haina haja, mdogo wangu ameshaangalia kwake. Nilitaka aone kwamba unajua unachokifanya.

Saa kumi Baba alikuwa ameshavaa shati. Niliandika amri yako herufi kwa herufi, nikabonyeza. Haikunitukana. Nikawasha mchezo, na usukani ukamvuta mkono. Ulifanya kazi, Waya. Ulifanya kazi kabisa. Baba alicheka kwa sauti, na Shangazi aliyekuwa jikoni akaja mbio akidhani kuna mgeni.

Halafu skrini ikamwuliza jina lake.

Nilidhani ni kawaida, nikaandika. Ikauliza anataka kuanzia mji gani. Ikauliza achague sura. Ikaandika, karibu, dereva mpya. Nikatafuta malori yake kumi na manne. Nikatafuta gereji, na wale madereva wake aliowaajiri mmoja mmoja, yule mwenye masharubu aliyekuwa anampenda. Hakuna. Wamempa lori la kuazima na safari moja fupi ya majaribio. Pale panapoandikwa kilomita palikuwa na sifuri. Unajua mchezo ule unakimbiza kilomita, saa moja ni sawa na siku nzima ya barabara ya kweli. Kwa miaka minne alikuwa amefikisha milioni moja na laki nne. Kila Ijumaa nilikuwa namsomea.

Maneno yamempotea lakini namba bado anazijua. Aliweka kidole juu ya ile sifuri.

"Nani?" akasema.

"Kompyuta, Baba. Imekosea."

"Wamenifukuza."

"Hakuna aliyekufukuza. Hapa ni nyumbani."

"Mkono," akasema. Akaunyanyua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaniwekea mapajani, kama mtu anayerudisha kifaa cha kampuni.

Unakumbuka barua ya kumwachisha kazi ambayo wale wa kampuni walimletea wodini, siku ya tano baada ya kiharusi, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwabebea mizigo. Ile barua alikuwa ameisahau. Daktari alisema tuushukuru ubongo wake kwa kusahau hilo moja. Jumamosi, mbele yangu, ameikumbuka.

Hajashika usukani tena. Nikimpa shati analikunja kwa mkono mmoja ananirudishia.

Nataka unijibu jambo moja tu. Uliandika kwamba umeangalia hapo kwako. Uliangalia wapi?

Dada

*

30 Julai

Waya,

Gari la mahitaji limekuja mara mbili. Najua, kwa sababu mama muuza mkaa ana mwanawe huko kwenu na amepata barua zake zote mbili.

Basi nitaanza mimi. Kompyuta haikujisasisha yenyewe. Kulikuwa na kidirisha kinatokea kila jioni, kinaziba kioo cha lori la Baba kikiuliza kama tusasishe, na Baba alikuwa anahangaika nacho. Nilikuwa na sketi mkononi, sindano mdomoni. Nikakibonyeza ndiyo ili kiondoke. Wiki iliyofuata tena. Ya tatu ndiyo iliyoua usukani. Siku unaondoka ulisimama mlangoni ukaniambia, "Dada, chochote kitakachokuuliza, sema hapana." Sikusahau. Nilichoka tu. Niliona aibu kukuambia, nawe ulipouliza nikakwepa.

Kwa hiyo usikae huko ukidhani umeibeba peke yako.

Mama Betri amejaribu kuvirudisha vilivyofutwa. Alikaa navyo wiki nzima, hakutaka kusikia neno malipo. Amepata picha moja ya lori jekundu na vipande vya faili visivyosomeka.

Niandikie, hata kama huna la kusema.

Dada

*

9 Agosti

Dada yangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Ile ya Juni niliisoma nikiwa nimesimama, nikaiweka chini ya godoro, na kila nilipotaka kuitoa nikajikuta nimekwenda kufua nguo ambazo ni safi. Nisamehe.

Uliuliza niliangalia wapi. Sikuangalia popote. Sina kompyuta.

Machi mwaka jana waliifunga ofisi yetu. Kazi yote sasa inafanywa kutoka makao makuu, na sisi tuliobaki tukaambiwa tuchague, nyumbani au stoo. Nahesabu helmeti na buti. Asubuhi nazitoa, jioni nazipokea. Amri zote nilizokuandikia zimetoka kichwani na kwenye daftari langu la zamani. Ile mistari kumi na moja niliamini ni sahihi. Ile folda nilikuwa naiona kabisa machoni, kama ninavyoona mlango wa nyumbani. Baadaye, nikiwa nahesabu buti, nikakumbuka kwamba folda niliyokuwa naiona ni ya mchezo mwingine. Katika huu wa Baba vyote vinakaa pamoja. Barua ilikuwa imeshaondoka siku sita. Nilikwenda getini kuwaomba simu ya dharura. Wakauliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Wakasema basi.

Mama Betri aliniona kupitia karatasi. Mwambie hivyo.

Na nakala haikuwepo kwa sababu mimi sikuwahi kuiweka. Ni kitu cha kwanza fundi anachofundishwa. Wewe ulibonyeza ndiyo mara tatu. Hilo lilikuwa la kurekebishika. Langu ndilo lisilorekebishika.

Juni mwaka jana walinipa ruhusa ya siku kumi na mbili. Nilifunga begi. Halafu nikakumbuka Baba anavyonitambulisha. Pale wodini alikuwa hawezi kuomba maji, lakini kila nesi aliyepita alimvuta nguo na kumwonyesha mimi, "Kijana wangu. Fundi." Maneno matatu, na alikuwa anatoka jasho kuyasema. Nikaona siwezi kukaa mbele yake siku kumi na mbili nikijibu habari za kompyuta. Ruhusa yote niliimaliza hapa kitandani, begi likiwa limefungwa. Ruhusa nyingine ni mwakani, na nikiondoka bila hiyo nafasi ya stoo ina watu ishirini wanaoisubiri.

Kuna jambo moja. Zile kilomita ni namba tu ndani ya faili. Anayejua anaweza kuiandika upya, hata malori akayarudisha. Naikumbuka njia kidogo. Lakini sitakuandikia amri mpaka uniambie niandike.

Mdogo wako

*

14 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako kwa utulivu, nikaenda nayo kwa Mama Betri, nikamsomea pale ulipomtaja. Alivua miwani yote miwili, akasema stoo si aibu. Shangazi bado hajaondoka, na safari hii hasemi nimekonda, anakula kidogo kuliko mimi. Hajui kuhusu stoo. Ukitaka ajue utamwambia wewe.

Ile njia ya kuandika upya namba Mama Betri alikuwa ameshaifikiria kabla yako. Aliweka milioni moja na laki nne, akaweka malori kumi na manne, lile la kwanza akalipaka rangi nyekundu kufuatana na ile picha. Ilimchukua Jumapili nzima. Tukamwita Baba. Nilimsomea kilomita kwa sauti kama Ijumaa zile. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaegemea skrini, akaliangalia lile lori jekundu kwa muda mrefu, mbele, ubavuni, kwenye magurudumu.

"La nani?" akauliza.

"Lako, Baba. Limerudi."

"Si langu," akasema, na hakukasirika. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa mwili wa mtu asiyemfahamu.

Mama Betri aliaga bila kunywa chai. Mimi nikabaki na usukani unaofanya kazi na dereva asiyeutaka.

Kesho yake nikaanza kuendesha mwenyewe. Usiniulize kwa nini, hata Shangazi aliniuliza nikamwambia napumzisha macho. Nilifuta zile namba za uongo nikaanza na sifuri, na lori la kuazima. Siku ya tatu Baba aliburuta kiti chake akakiweka ubavuni kwangu, upande wa kushoto, pale anapokaa utingo. Alikaa hapo akitazama vioo. Kwenye makutano akaniinulia kidole nisubiri, nikasubiri. Yule mtu aliyewafundisha nusu ya madereva wa mji huu, Waya, amekuwa utingo wangu, na mimi gia ya kurudi nyuma siijui.

Nilifurahi siku mbili. Nilidhani akizoea kukaa karibu atanyoosha mkono. Hakunyoosha. Agosti mwishoni alipata kiharusi kingine, kidogo, asubuhi akinywa uji. Daktari alisema kidogo, lakini baada yake hawezi kukaa kwenye kiti bila kufungwa shuka kiunoni, na vile vidole vitatu sasa ni vitano. Daktari wa mazoezi anakuja bado, ila anavifuta tu kwa maji ya uvuguvugu na kukata kucha zisimchome kiganja. Nilimuuliza tutarajie nini. Akaniuliza nina ndugu wangapi na wako mbali kiasi gani.

Naendelea kuwasha saa kumi, nusu saa, namfunga shuka tunakwenda. Jana tulipakia mabomba. Kabla hatujatoka getini alikuwa ameshalala, kichwa kimeangukia begani kwangu, na nilishindwa kukata kona kwa sababu nilihitaji bega lile. Nikalisimamisha lori katikati ya njia. Magari ya nyuma yakapiga honi mpaka nikapunguza sauti.

Amri usiniandikie nyingine. Si kwa hasira. Hakuna kilichobaki cha kuamrisha.

Omba ruhusa hata ya siku tatu. Wakikuuliza nani amekufa, waambie bado. Njoo na buti zako za stoo, na usihangaike kutafuta utamwambia nini kuhusu kazi. Wiki iliyopita nilipokuwa namlisha nilimwambia, "Baba, kijana wako fundi anakusalimu." Akatafuna, akameza, akaniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mpita njia aliyekusimamisha barabarani.

"Kijana gani?" akasema.

Dada yako